Kuongeza Nguvu za Injini na Dhamana ya Gari Jipya

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, mwanafunzi mwenzangu, mwenyeji wa Mombasa, alinunua gari jipya kwa mkopo wa miaka mitano. Lilikuwa gari dogo lenye injini ya lita 2, silinda nne na tabo. Pamoja na funguo alikabidhiwa kijitabu cha dhamana, au waranti kama wauzaji wanavyoiita. Humo kampuni iliyounda gari iliahidi kutengeneza bila malipo kasoro yoyote ya injini na ya giaboksi kwa miaka mitano au maili 60,000, yaani takriban kilometa 96,500, kutegemea kipi kitatangulia.

Baada ya miezi saba alinunua kifaa kidogo kinachoweza kutiwa mfukoni. Alikichomeka katika soketi iliyo chini ya usukani, akafuata maelekezo, akangoja kwa muda usiofika nusu saa. Hakulegeza hata nati moja. Alipoliwasha gari tena, lilikuwa limebadilika tabia: kila alipokanyaga mafuta liliruka kama swala aliyeshtuliwa. Wapenzi wa magari huiita kazi hiyo kutyuni injini. Katika makala haya tutaiita kuongeza nguvu za injini.

Furaha yake haikudumu. Katika mwezi wa kumi na moja injini ilianza kutetemeka na kutoa moshi wa buluu. Gari lilipokokotwa hadi kwa wakala, pistoni ya silinda ya tatu ilikutwa imevunjika. Wakala alikataa kulitengeneza chini ya dhamana. Alisema kwamba mwenye gari ameichezea injini, kwa hiyo dhamana yote imekufa. Mwenzangu naye alishikilia kwamba nchini humo kuna sheria inayomzuia mwuzaji kuifuta dhamana kwa sababu hiyo. Gharama ya matengenezo ilizidi posho yake ya miezi mitatu, na deni la gari lilikuwa halijapungua hata robo. Jioni moja alinijia chumbani akaniuliza, "Bwana, wewe ndiwe mtu wa mitambo. Kati yangu na hawa, nani mwenye haki?"

Nilimjibu kwamba swali lake si la sheria peke yake. Ni swali la sababu na tokeo: je, nguvu zilizoongezwa ndizo zilizoivunja pistoni? Sheria hulingojea jibu la swali hilo, na jibu lenyewe limo ndani ya injini. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jibu hilo linavyotafutwa.

Nguvu za injini hutoka wapi?

Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba nishati haiumbwi. Injini hupata nishati yake kwa kuunguza mafuta, na mafuta hayawezi kuungua bila oksijeni. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Kuongeza petroli ni jambo rahisi. Kazi ngumu ni kuingiza hewa zaidi katika silinda ambayo ukubwa wake haubadiliki.

Kazi hiyo hufanywa na tabo, chombo ambacho mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alikipatia hataza mwaka 1905. Moshi unaotoka katika injini huzungusha gurudumu lenye mapanga. Gurudumu hilo limeungwa kwa mhimili mmoja na gurudumu la pili, ambalo huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda.

Tuseme tabo ya gari jipya imepangiwa kushindilia hewa kwa baa 0.8 juu ya kanieneo ya angahewa, ambayo ni karibu baa 1. Jumla ni baa 1.8. Mtu akibadilisha programu ya kompyuta ya injini ili tabo ishindilie kwa baa 1.2, jumla huwa baa 2.2. Kwa kanuni ya gesi, ikiwa halijoto haikubadilika, wingi wa hewa iliyomo katika silinda huongezeka kwa uwiano wa 2.2 kwa 1.8, yaani kwa asilimia 22. Kompyuta nayo huongeza petroli kulingana na hewa hiyo, na torki, yaani uwezo wa injini wa kuzungusha, hupanda karibu kwa uwiano huohuo. Injini iliyokuwa na torki ya nyutoni-mita 300 sasa itakuwa na 366 hivi.

Hapa hakuna uchawi, wala hakuna chuma kilichobadilishwa. Hiyo ndiyo raha ya jambo hili, na hiyo ndiyo hatari yake. Pistoni, konrodi, ringi, beringi, klachi na giaboksi ni vilevile vya kiwandani, ilhali mzigo umekuwa mwingine.

Akiba aliyoiacha mhandisi

Bila shaka msomaji atauliza: ikiwa injini ilikuwa na uwezo huo, kwa nini kiwanda hakikuutumia? Jibu ni kwamba kiwanda hakiwezi kumchagua mteja wake. Gari lilelile litauzwa kwenye baridi kali na kwenye joto la jangwani, pwani na milimani. Leo litatiwa petroli nzuri, kesho mbaya. Mwenyewe atachelewa kubadilisha oili, au atalivutisha trela kwenye mlima mrefu wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mhandisi hupima uwezo wa kila kipande, kisha hukipangia mzigo ulio chini ya uwezo huo. Tofauti inayobaki ndiyo akiba. Anayeongeza nguvu za injini hapati kitu cha bure. Anaitumia akiba hiyo.

Tuitazame kwa hesabu. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 82 ina eneo la sentimita za mraba 53 hivi. Ikiwa kanieneo ya juu kabisa wakati wa mwako ni baa 80, kani inayoipiga pistoni ni takriban nyutoni 42,000, sawa na uzito wa tani 4.3. Kanieneo hiyo ikipanda kwa asilimia 20 na kufika baa 96, kani huwa karibu nyutoni 51,000, sawa na uzito wa tani 5.2. Ni kana kwamba tembo aliyekuwa akiikanyaga pistoni sasa amebebeshwa nyati mgongoni.

Tena tembo huyo hakanyagi mara moja. Katika injini ya mipigo minne kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Gari likienda kwa wastani wa kilometa 60 kwa saa, na injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kila pistoni hupigwa mara 1,200 kwa dakika, au mara 72,000 kwa saa. Katika kilometa 96,500 za dhamana, pistoni moja itapigwa takriban mara milioni 116. Si kila pigo huwa na kani ya juu kabisa, kwani dereva hakanyagi mafuta hadi mwisho wakati wote. Hata hivyo kiwanda kilipoandika ahadi yake kilikuwa kimeyapima mapigo hayo kwa mzigo wake chenyewe, si kwa mzigo uliopangwa na mtu mwingine.

Metali nayo huchoka

Kati ya miaka ya 1850 na 1860 mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alichunguza kwa nini ekseli za mabehewa zilikuwa zikivunjika bila ya kuzidishiwa mzigo. Aligundua kwamba metali yaweza kuvunjika kwa mzigo ulio mdogo kuliko ule wa kuivunja kwa mara moja, mradi mzigo huo urudiwe mara nyingi. Hali hiyo huitwa uchovu wa metali.

Walimu wanaweza kuionyesha darasani bila gharama. Chukua waya laini wa kufungia, ukate vipande kumi vya urefu sawa kutoka katika robota moja. Vipande vitano vikunjwe kwa nyuzi 90 na kunyooshwa, tena na tena, hadi vikatike. Wanafunzi wahesabu mikunjo. Vitano vingine vikunjwe kwa nyuzi 45 tu. Kila kundi litafutiwe wastani. Kwa kawaida darasa litaona kwamba kupunguza pembe kwa nusu hurefusha maisha ya waya kwa zaidi ya maradufu. Hiyo ndiyo siri ya uchovu: mzigo na maisha havipungui wala kuongezeka kwa uwiano mmoja.

Katika vipande vingi vya mashine, idadi ya mapigo ambayo kipande huweza kuyastahimili hupungua kwa kipeo kikubwa cha mzigo. Tuseme, kwa mfano, kipeo hicho ni 10. Mzigo ukiongezeka kwa asilimia 20, tunakokotoa 1.2 kwa kipeo cha 10 na kupata 6.2. Kipande ambacho kingestahimili mapigo milioni moja sasa kitastahimili 160,000 hivi. Kwa beringi za tufe kanuni ni nyepesi zaidi: Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren wa Sweden walionyesha mwaka 1947 kwamba maisha ya beringi hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo. Hapa 1.2 kwa kipeo cha 3 ni 1.73, kwa hiyo beringi iliyoongezewa mzigo kwa asilimia 20 hubakiwa na asilimia 58 tu ya maisha yake.

Kuna jambo jingine la kukumbukwa. Chuma cha pua na vyuma vingine vya kawaida vina mpaka: mzigo ukiwa chini ya mpaka huo, uchovu hautokei hata mapigo yawe mengi kiasi gani. Alumini, ambayo ndiyo hutumiwa kutengenezea pistoni za magari mengi madogo, haina mpaka ulio wazi namna hiyo. Kila pigo huandikwa katika hesabu yake. Ndiyo sababu injini iliyoongezwa nguvu haivunjiki siku ya kwanza. Mwenzangu aliendesha kwa miezi minne bila kuona ubaya wowote, na kila siku iliyopita ilimthibitishia kwamba alikuwa amefanya jambo la busara.

Injini inapogonga

Uchovu peke yake huua polepole. Yuko adui mwingine anayekwenda mbio, naye mafundi humtambua kwa sauti: injini inagonga.

Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto. Hewa ikishindiliwa haraka, halijoto yake hupanda. Tukichukua hewa tupu yenye nyuzi 27 za Selsiasi na kuishindilia hadi sehemu ya kumi ya ujazo wake bila joto kupotea, itafika nyuzi 480 hivi. Hewa hiyo ikianza na nyuzi 60 badala ya 27, itafika nyuzi 563. Nyuzi 33 za mwanzoni zimezaa nyuzi 83 mwishoni. Tabo inaposhindilia hewa zaidi huipasha moto zaidi, na joto hilo hukuzwa tena ndani ya silinda.

Kwa kawaida cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli, na moto husambaa kwa utaratibu kutoka kwenye plagi hadi kwenye kingo. Lakini halijoto na kanieneo zikizidi, mchanganyiko ulio pembeni hauungoji moto uufikie. Hujilipukia wenyewe kwa ghafla. Mawimbi ya kanieneo hugonga kuta za silinda, na sikio husikia sauti kama ya changarawe ndani ya kopo.

Ubaya wa mlipuko huo si kishindo tu. Alumini safi huyeyuka kwa nyuzi 660, ilhali gesi za mwako hupita nyuzi 2,000. Pistoni hunusurika kwa sababu mbili: joto lake hutolewa mfululizo kupitia ringi na oili, na juu yake hutanda utando mwembamba wa gesi isiyo na joto kali. Injini inapogonga, mawimbi yale huufagia utando huo. Kingo za pistoni huchimbika na kuyeyuka, na kuta nyembamba zinazoshikilia ringi huvunjika.

Kinga ya kwanza dhidi ya kugonga ni petroli yenyewe. Namba ya oktani huonyesha uwezo wa petroli wa kustahimili kushindiliwa bila kujilipukia: isooktani safi imepewa 100, na heptani 0. Vituo vya Marekani huandika wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo namba zao huwa ndogo kuliko zile za Ulaya kwa petroli iliyo sawa. 91 ya Marekani inakaribiana na 95 ya Ulaya. Kinga ya pili ni kihisio kilichofungwa kwenye injini. Kikisikia injini inagonga, huiarifu kompyuta, nayo huchelewesha cheche ili mwako upungue makali. Programu za kuongeza nguvu aghalabu hufanya kinyume chake: huiwahisha cheche na kuongeza hewa, na hivyo kuisogeza injini karibu na ukingo wa shimo. Petroli duni inatosha kuisukuma ndani.

Kompyuta haisahau

Wakala alijuaje kwamba programu ilibadilishwa? Tangu magari ya mwaka 1996, Marekani hudai kila gari dogo liwe na mfumo wa kujichunguza pamoja na soketi ya namna moja. Kanuni za jimbo la California zimekwenda mbele zaidi: kompyuta ya injini yapasa itaje namba ya programu iliyomo na namba ya uhakiki, ambayo hukokotolewa kutokana na yaliyomo katika programu yote. Ni kama mhasibu anayejumlisha safu ndefu ya tarakimu: tarakimu moja ikibadilishwa, jumla haiwiani tena.

Wako wanaodhani kwamba watairudisha programu ya awali usiku mmoja kabla ya kwenda kwa wakala. Kompyuta nyingine huhesabu mara ambazo zimeandikwa upya, na nyingine huhifadhi hali ya injini ilivyokuwa wakati hitilafu ilipotokea. Tena, kumficha ukweli mtu ili alipe deni lisilo lake ni udanganyifu, wala si ujanja.

Pamoja na hayo, hatuna budi kutofautisha mambo mawili. Namba ya uhakiki huthibitisha kwamba programu imebadilishwa. Haithibitishi kwamba badiliko hilo ndilo lililovunja kitu. Hapa ndipo wakala alipokosea, maana alichukua ushahidi wa jambo moja akautumia kuhukumu jambo jingine.

Sheria yasemaje?

Sheria aliyoitaja mwenzangu ni ile iitwayo Magnuson-Moss, kwa majina ya Seneta Warren Magnuson na Mbunge John Moss. Rais Gerald Ford aliitia sahihi Januari 1975. Pamoja na mambo mengine, inakataza kampuni kumshurutisha mteja atumie vipuri au huduma zenye jina la kampuni hiyo ndipo dhamana yake iendelee, isipokuwa vitu hivyo vitolewe bure au kampuni ipate ruhusa maalumu. Tume ya Biashara ya Shirikisho, inayosimamia sheria hiyo, imeeleza kwamba kutumia kipuri cha kampuni nyingine peke yake hakufuti dhamana. Anayetaka kukataa kutengeneza yapasa aonyeshe kwamba kipuri hicho, au namna kilivyofungwa, ndicho kilicholeta uharibifu. Mwaka 2018 Tume hiyo ilizipelekea kampuni sita barua za onyo kuhusu masharti ya namna hiyo.

Lakini sheria hiyo haikumpa mteja ngao ya kila kitu. Dhamana ni ahadi juu ya kasoro za kiwanda. Uharibifu uliosababishwa na mwenye gari si kasoro ya kiwanda, na vijitabu vya dhamana kwa kawaida huutaja waziwazi pamoja na mashindano ya mbio. Hapo mwenzangu naye alikosea, maana aliisoma nusu ya sheria iliyompendeza.

Kwingineko mizani imewekwa kwa namna nyingine, ingawa swali ni lilelile. Katika Umoja wa Ulaya, kwa maagizo ya mwaka 2019 yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, mwuzaji huwajibika kwa miaka miwili. Kasoro ikionekana katika mwaka wa kwanza, hudhaniwa kwamba ilikuwako tangu siku ya kukabidhi, isipokuwa mwuzaji athibitishe vingine.

Kuna pia sheria ambayo haihusu dhamana kabisa. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970, pamoja na marekebisho ya mwaka 1990, inakataza kuondoa au kulemaza vyombo vinavyopunguza sumu katika moshi wa gari, kama vile masega ya ekzosi. Anayeongeza nguvu kwa njia hiyo anavunja sheria hata injini yake isipopata dosari milele.

Isidhaniwe kwamba kila ongezeko la nguvu ni adui wa dhamana. Kampuni ya Volvo ya Sweden ilipata kuuza programu za kuongeza nguvu kwa jina la Polestar, zilizofungwa na mawakala wake, na dhamana ya gari ikaendelea kama kawaida. Tofauti ni kwamba akiba ya injini ilipimwa tena na yuleyule aliyeiweka, naye akakubali kuwajibika.

Hukumu ya pistoni

Nilimshauri mwenzangu aiandikie kampuni iliyounda gari, aeleze yote bila kuficha, na aombe injini ifunguliwe mbele ya mkaguzi. Ilifunguliwa, nami nilipewa ruhusa ya kuichukua pistoni iliyovunjika kwa siku mbili na kuitazama katika maabara yetu.

Tulikuwa tukitafuta dalili za namna mbili. Ikiwa kosa lilikuwa la kiwanda, tungetazamia kuona vishimo vya hewa ndani ya alumini iliyomiminwa vibaya, au alama za kukwaruzika kwa kukosa oili. Ikiwa kosa lilikuwa la mwako, tungetazamia kingo zilizochimbika, kuta za ringi zilizovunjika na kauri ya plagi iliyopasuka.

Chini ya lenzi ya kukuzia mambo yalikuwa dhahiri. Kingo za juu zilikuwa na vijishimo kama vya jiwe lililoliwa na maji ya bahari. Ukuta wa ringi ya kwanza ulikuwa umekatika, na kwenye uso wa mkatiko palikuwa na mistari iliyofuatana, mfano wa ile inayoachwa mchangani na maji yanapokupwa. Mistari hiyo ni alama ya uchovu: ufa ulianza mdogo, ukasogea hatua kwa hatua. Alumini ya ndani ilikuwa safi, haina tundu. Kauri ya plagi ya silinda ileile ilikuwa na ufa.

Nikamwuliza mwenzangu alikuwa akitia petroli gani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ile ya bei nafuu, ndugu yangu. Posho unaijua." Programu aliyoinunua ilikuwa imeandikiwa petroli ya oktani 93; yeye alitia ya 87.

Sikufurahi kumwambia nilichokiona, lakini nilimwambia. Mkaguzi wa kampuni naye alifikia maoni hayohayo, na gharama ya injini ikabaki juu ya mwenzangu. Aliilipa kwa mwaka mzima, akifanya kazi ya usiku katika maktaba ya chuo. Hata hivyo hadithi haikuishia hapo. Kompresa ya kipoza hewa cha gari hilohilo ilikuwa imeharibika, na wakala alikuwa amekataa hata kuitazama kwa kuwa "dhamana imekufa". Mkaguzi aliona kwamba kompresa ilivuja kwenye kiungo kilichofungwa vibaya kiwandani, na kwamba jambo hilo halikuwa na uhusiano wowote na programu ya injini. Ilibadilishwa bila malipo.

Gari moja, mmiliki mmoja, kijitabu kimoja. Madai mawili, na majibu mawili tofauti. Dhamana si kamba moja ambayo ikikatwa popote mzigo wote huanguka. Kila kipande kilichoharibika huulizwa swali lake: ni nini kilichokuharibu? Na mbele ya swali hilo, sauti kubwa ya wakala na ya mteja haina uzito kuliko mistari midogo iliyo kwenye uso wa mkatiko.

Funzo kwa wanafunzi

Kwetu Tanzania magari mengi huletwa yakiwa yamekwisha kutumika nje, hasa Japani, na dhamana ya kiwanda mara nyingi imekwisha muda wake. Lakini jenereta jipya la shule, pampu ya kisima cha kijiji, hata simu ya mkononi, huja na kijitabu cha namna ileile. Kinapovunjika kitu, tusikubali upesi kwamba yule aliyekigusa mwisho ndiye aliyekiharibu, wala tusikatae kwa hasira kwamba hatuna hatia. Kipande kilichovunjika kisitupwe wala kisisuguliwe. Kitunzwe kama kilivyo, kwa maana ndicho shahidi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Tabo iliyopangiwa kushindilia kwa baa 1.0 juu ya angahewa imebadilishwa hadi baa 1.5. Ikiwa halijoto haikubadilika, wingi wa hewa umeongezeka kwa asilimia ngapi?

2. Mzigo wa beringi ya tufe umeongezwa kwa asilimia 10. Imebakiwa na sehemu gani ya maisha yake?

3. Injini iliyoongezwa nguvu imevunjika baada ya pampu ya oili kusimama. Mwenye gari asema pampu ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Wakala asema iliharibiwa na mzigo mkubwa. Taja dalili mbili ambazo ungezitafuta ndani ya pampu hiyo kabla ya kumwunga mkono mmoja wao.